Nusu ya Chini ya Ubao

Nusu ya juu ni ya biashara:
hamri kumi, mbaazi hamsini,
chai ya maziwa uliza kwanza.
Nusu ya chini ni yangu.

Ubao niliununua shule ilipofungwa, Mwembe Tanganyika,
pamoja na hesabu ya mtu haikufutika vizuri:
arubaini na sita, gawanya kwa saba.
Ukiulowesha mpaka leo yaonekana.

Mimi nikikaanga husoma.
Hapa Guraya hakipiti kitu bila maneno,
tuktuk, mlango wa kinyozi,
hata gunia la mkaa lina jina la mtu.
Basi ikapita tuktuk ya kijani:
USINIHUKUMU, HUNIJUI.
Nikapangusa unga kwa leso, nikashika chaki:
*Nakujua. Jumatatu ulikula ukaenda.*
Kesho yake kijana akashuka na themanini,
hakunitazama usoni.
Wiki ya pili, chini ya yale maneno yake,
rangi nyeupe, mbichi: NIMELIPA.

Shekuwe, kinyozi wa Bondeni, naye akaandika ukutani kwake:
*Kichwa kikiwa kitupu, nywele nazo hukimbia.*
Mume wangu ana kipara. Nilikesha.
Alfajiri, kabla ya mafuta kushika moto:
*Nyumba yenye mali ndani, haiezekwi makuti.*
Siku hiyo watu walikula ili wasome,
wengine wakasoma wasile,
na mume wangu akapita mara tatu bila kofia.

Jirani yangu Bi Zuhura yuwanambia:
andika ukuta wa soko, mwenzangu,
kule ndiko waliko watu.
Nilikwenda. Niliandika mstari mmoja.
Chini yake mganga kaweka namba ya simu,
mwengine kamtukana mamangu, hamjui,
na asubuhi moja rangi ya kampuni ikatumeza sote,
mtukanaji na mtukanwa, nyekundu tupu.
Hapa chaki yangu, kitambaa changu.
Nikikosea nafuta mwenyewe, mbele za watu, na aibu zangu.
Anayetaka kunijibu na atafute ubao wake.
Wako waliotafuta. Muuza mkaa ana bati. Fundi viatu ana kisigino cha mlango.

Halafu mkokoteni wa maji.
Wa buluu, madumu ishirini, na kijana
ambaye sijawahi kumwona ila mgongo na kisogo,
maana pale kwangu ndipo mlima unapoanza
na asukumaye hasimami.
Nyuma, kwa herufi za kujifunzia:
MAMA ALISEMA NISOME.

Siku tatu niliuzungukia mstari huo.
Utani haukuingia. Methali nilizijaribu, zikateleza.
Mwisho nikauliza tu, kama mtu aulizavyo mlangoni:
*Akasemaje tena?*

Ukapita Jumanne. Ukapita Jumatano.
Alhamisi chini ya rangi palikuwa na chaki, imechorwa haraka:
HAKUWAHI.

Mahamri yaliungua, sufuria nzima.
Mteja akaniita mara mbili.
Nikalowesha kitambaa, nikafuta nusu yangu yote,
na vumbi jeupe lilipokwisha kushuka
ile hesabu ya zamani ikachomoza,
arubaini na sita, gawanya kwa saba,
na mstari wa jibu, mtupu.

Jioni niliusikia mkokoteni umenyamaza.
Madumu yaligongana, yakatulia.
Kwangu hashiki mtu chaki, jua hilo,
hata Bi Zuhura, hata mume wangu.
Nikageuka kuutazama moto
ambao haukuwa na haja ya kutazamwa.

Nilipogeuka tena alikuwa keshafika katikati ya mlima.
Nilihesabu kwa vidole, mara mbili, mimi na darasa langu la nne.
Bei nimezipandisha juu kabisa, zimebanana ukingoni,
wateja wananilalamikia hawazioni.
Kule chini sijagusa.
Sita, baki nne.